Waliobaki Columbus

Columbus haina timu ya NFL. Cleveland wanayo, Cincinnati wanayo, lakini mji huu ambao ni mkubwa kuliko yote katika jimbo la Ohio, wenye wakazi zaidi ya laki tisa, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani umeikosa. Kwa hiyo mapenzi yote, kelele zote na lawama zote zinawaangukia wanafunzi wa Ohio State, chuo kikuu cha mji huu. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani watu zaidi ya laki moja wanajazana Ohio Stadium, uwanja wa zege uliofunguliwa mwaka 1922 wenye umbo la kiatu cha farasi, kuwatazama vijana wa miaka 19 na 20 wakibamizana.

Nilipohamia hapa nilikuwa mtu wa soka, na Crew, klabu ya soka ya mji huu, ilinitosha kabisa. Mtaa wangu uko kaskazini, pande za Morse Road, ambako ukisimama kwenye foleni ya duka la nyama unasikia Kisomali, Kiswahili cha Kongo na Kinepali kabla hujasikia Kiingereza. Unaweza kukaa huko ukadhani huu mpira wa yai ni mambo ya wenyeji, wewe haukuhusu. Watoto ndio wanaokuingiza. Mwanangu alirudi kutoka shule akiwa na swali moja tu: kwa nini sisi hatuna fulana nyekundu yenye namba 4? Nikaanza kutazama ili nisiwe mjinga nyumbani kwangu mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama, mchezo wenyewe uko hivi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unahamia kwa wapinzani. Ukiufikisha kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na kwa kawaida unaongeza moja kwa teke. Ukikwama njiani unaweza kuupiga teke upite katikati ya nguzo mbili upate 3. Anayeshika usukani wa mashambulizi ni kwotabeki: yeye ndiye anayeamua mpira aurushe, aukabidhi kwa mkimbiaji, au akimbie nao. Mengine utayaokota njiani, kama nilivyoyaokota mimi.

Ninachotaka kukizungumzia hasa ni usajili, maana msimu wa 2024 wa Ohio State haueleweki mpaka uujue usajili wa 2021.

Chuo hakinunui mchezaji kama klabu inavyomnunua. Makocha wanawafuata vijana wakiwa bado sekondari, wengine tangu wana miaka 14 au 15. Wanakaa sebuleni na wazazi, wanakula chakula cha mama mtu na kukisifia, wanaahidi namba, elimu na njia ya kwenda NFL. Kuna tovuti zinazowapanga vijana hao kwa nyota, mwisho nyota tano, na watu wazima wenye kazi zao wanazisoma orodha hizo usiku kucha kama matokeo ya mtihani wa taifa. Mwezi Desemba inafika siku ya kusaini. Vijana wote wanaosaini mwaka mmoja wanahesabika kuwa darasa moja, na darasa hilo linabaki na jina la mwaka wake mpaka wachezaji wake wawe vizee.

Zamani mambo yalikuwa magumu kwa mchezaji na mepesi kwa chuo. Hakuruhusiwa kulipwa chochote zaidi ya ufadhili wa masomo, na akihama chuo alilazimika kukaa msimu mzima bila kucheza. Mwaka 2021 kuta zote mbili zilianguka pamoja. Sheria ya kuhama ikalegezwa, na kuanzia Julai 1 mwaka huo mwanafunzi akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Matajiri wanaopenda timu wakaunda mifuko ya kuchangia, fedha zikaanza kumiminika, na kila Desemba likafunguka dirisha la uhamisho ambalo hata wapenzi wa Simba na Yanga wangelionea wivu kwa vituko.

Darasa la 2021 la Ohio State liliingia chuoni hasa katika mwaka huo wa mageuzi. Jack Sawyer alitoka Pickerington, kitongoji cha mashariki ya Columbus. Kwake kusaini hapa kulikuwa kama kuhamia nyumba ya pili. JT Tuimoloau na Emeka Egbuka walitoka jimbo la Washington, ng'ambo ya pili ya nchi. Egbuka, kama jina lilivyo, ana asili ya Waigbo wa Nigeria. TreVeyon Henderson na Tyleik Williams ni wa Virginia, Donovan Jackson wa Texas, Denzel Burke wa Arizona, Jordan Hancock wa Georgia. Kwotabeki wa darasa alikuwa Kyle McCord. Halafu mwezi Agosti akaongezeka mwingine, Quinn Ewers wa Texas, aliyekuwa kinda namba moja nchini. Aliruka mwaka wake wa mwisho wa sekondari ili awahi kuingia chuo na kuanza kulipwa, kwa sababu jimbo lake halikuwaruhusu wanafunzi wa sekondari kuchukua fedha hizo. Chuoni akapangiwa chumba kimoja na Sawyer.

Ewers hakukaa. Aliingia uwanjani kwa majaribio mawili tu, yote akiukabidhi mpira kwa mkimbiaji, hakurusha hata mara moja. Kufikia Desemba akafungasha akarudi kwao, akajiunga na Chuo Kikuu cha Texas. Wala simlaumu. Mbele yake alikuwepo C.J. Stroud, kwotabeki namba moja wa timu, na kijana mwenye kipaji kile hakai benchi kwa heshima ya mtu.

Waliobaki wakaanza kuonja Michigan.

Ohio State na Michigan ni watani wa jadi, ila utani wenyewe umekauka. Wiki ya mechi yao wanafunzi wa Columbus wanazunguka chuo kizima wakiziba kila herufi M kwenye mabango kwa utepe mwekundu, na hata ofisi zenye watu wazima zinatoa matangazo yasiyo na herufi hiyo. Ukimfunga Michigan, kila mchezaji anapewa kidani cha dhahabu chenye umbo la suruali ndogo. Desturi hiyo ilianza mwaka 1934, baada ya kocha Francis Schmidt kuulizwa atawaweza vipi Michigan, akajibu kwamba na wao huvaa suruali mguu mmoja mmoja kama sisi. Wapo wazee hapa mjini waliocheza zamani ambao kidani hicho wanakithamini kuliko pete ya ubingwa. Nimemwona mmoja akikitoa kutoka kwenye pochi, kimefungwa kwenye kitambaa kama hirizi. Hakuniruhusu nikishike.

Darasa la 2021 halikupata suruali. Mwaka wa kwanza walichapwa 42-27 kule Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan. Mwaka wa pili 45-23, nyumbani, mbele ya watu wao. Mwaka huohuo waliponea chupuchupu kuingia kwenye mchujo wa kumtafuta bingwa wa nchi, wakakutana na Georgia katika nusu fainali mjini Atlanta, wakapoteza 42-41 kwa teke lililokwenda pembeni wakati saa inagonga mwaka mpya wa 2023. Mwaka wa tatu Michigan tena, 30-24, na pasi ya mwisho ya McCord ikanaswa na mlinzi. McCord akahama kwenda Syracuse. Timu ikaenda Cotton Bowl, mechi maalumu ya kufunga msimu, bila kwotabeki wa kueleweka, ikafungwa na Missouri 14-3, mechi ambayo hata mashabiki sugu wanaikumbuka kama maumivu ya jino.

Basi ilipofika Januari 2024, kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuondoka. Walikuwa wamemaliza miaka mitatu, NFL ilikuwa wazi kwao, na mtu akibaki mwaka mmoja zaidi anaweza kuvunjika goti na kupoteza mamilioni. Mmoja baada ya mwingine wakatangaza kwamba wanabaki: Sawyer, Tuimoloau, Egbuka, Henderson, Jackson, Burke, Williams, Hancock. Wakaungana na wakubwa wengine kama Cody Simon na Lathan Ransom. Nataka nilitie mkazo hili kwa sababu baadaye, ubingwa ulipopatikana, nchi nzima iliimba wimbo mmoja tu, kwamba Ohio State wamenunua kombe. Bosi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, alikuwa amesema mwenyewe kwamba kikosi kile kiligharimu kama dola milioni 20. Fedha zilikuwepo, na hao waliobaki nao walilipwa, hawakubaki kwa maji ya kunywa. Lakini NFL nayo inalipa. Fedha peke yake haikuelezei kwa nini wote wanane walichagua upande uleule.

Na nani alinunuliwa? Tuseme ukweli, dukani waliingia na toroli. Nick Saban, kocha gwiji wa Chuo Kikuu cha Alabama, alistaafu ghafla mwezi Januari, na Columbus hawakungoja kumaliza kumpa pole. Wakamchukua Caleb Downs, beki wa nyuma ambaye akiwa mwaka wa kwanza tu aliongoza Alabama yote kwa idadi ya kukaba. Wakamchukua Julian Sayin, kwotabeki kinda ambaye hata mizigo alikuwa hajaifungua. Kutoka Alabama hiyohiyo alikuja pia Seth McLaughlin, mchezaji wa kati wa safu ya mbele, yule anayeuanzisha mpira. Kutoka Mississippi akaja mkimbiaji Quinshon Judkins. Kutoka Kansas State akaja kwotabeki Will Howard, mtoto wa Pennsylvania mwenye mwili wa mbeba magunia, ambaye tangu utotoni aliitamani Penn State, chuo cha jimbo lake, na Penn State haikumtaka. Hata benchi la ufundi lilipanuliwa: Chip Kelly aliacha ukocha mkuu wa UCLA akaja kuwa msaidizi wa Ryan Day, kocha mkuu wa Ohio State, ambaye zamani alikuwa kwotabeki wake New Hampshire. Mwalimu anakuja kumtumikia mwanafunzi. Kwetu watu wangesema kuna jambo.

Kisha kuna yule wa namba 4.

Jeremiah Smith alitoka Florida ya kusini, sekondari ya Chaminade-Madonna katika mji wa Hollywood. Alikuwa mpokeaji, kazi yake ni kukimbia na kudaka, na kwenye orodha alikuwa wa kwanza nchini kwa darasa la 2024. Alishaahidi kuja Columbus mwaka mzima kabla. Siku ya kusaini, Desemba 20, 2023, Miami na Florida State walikuwa bado wanamvuta shati. Akatangaza mchana kwamba ni Ohio State, lakini karatasi hakutuma. Saa zikapita. Ryan Day akaongea na waandishi bila kuweza kulitaja jina lake, kwa sababu kisheria alikuwa bado si wake. Watu wazima mjini wakawa wanasasisha simu zao kama wanaosubiri muamala wa fedha. Karatasi ikafika jioni. Kijana wa miaka 18 alikuwa ameushika mji mzima pumzi.

Msimu ulianza vizuri bila maajabu. Oktoba 12 wakaenda Oregon na wakaonja machungu: 32-31. Sekunde zikiwa zimebaki chache, Howard alikimbia na mpira kutafuta yadi za kumsogeza mpiga teke, akateleza chini ajilinde kama alivyofundishwa. Alipoinua macho, saa ilikuwa imesoma sifuri. Siku hiyohiyo Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa safu ya mbele, aliumia goti na msimu wake ukaishia pale.

Hapo ndipo Donovan Jackson aliponigusa mimi binafsi. Safu ya mbele hawaimbwi. Hawagusi mpira, hawafungi, jina lao linatajwa wanapokosea tu. Jackson alikuwa amecheza ndani, nafasi aliyoizoea, na alihitaji msimu mzuri ili NFL imchukue mapema. Wakamwambia asogee nje, akakae mahali pa Simmons, na mechi yake ya kwanza kuanzishwa hapo ilikuwa ugenini dhidi ya Penn State, uso kwa uso na Abdul Carter, mmoja wa washambuliaji wa kwotabeki walio hatari kuliko wote nchini. Akaenda. Ohio State wakashinda 20-13. Mwishoni Penn State walikuwa yadi tatu kutoka kwenye tachidauni, wakajaribu mara nne: mara tatu wakagonga ukuta, ya nne pasi ikaenda bure. Ohio State wakachukua mpira kwenye mlango wao wenyewe zikiwa zimebaki zaidi ya dakika tano, wakaanza kukimbia nao taratibu mpaka saa ikaisha. Hawakuwarudishia tena. Uwanja wa watu zaidi ya laki moja ukanyamaza, na Howard aliyezaliwa katika jimbo lile akatoka akiwaimbia.

Indiana walikuja Columbus bila kufungwa wakarudi na 38-15. Ila wiki hiyo McLaughlin alichanika mshipa wa kisigino mazoezini. Safu ya mbele ikabaki na viraka.

Novemba 30, Michigan. Msimu wao ulikuwa mbovu, walishapoteza mechi tano, nyota wao wawili wakubwa hawakucheza. Wacheza kamari waliwapa Ohio State tofauti ya pointi kama 20. Mimi nilikuwa kazini, naitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, na mzee mmoja mwenyeji ninayefanya naye kazi alikataa kabisa kutazama. Alikaa amenipa mgongo, anauliza tu: «Wanapitisha wapi?» Namwambia katikati. Baada ya dakika: «Sasa?» Katikati tena. Michigan walikuwa na majitu mawili katikati ya safu yao, na Ohio State wenye wapokeaji bora nchini walikazana kukimbilia pale pale penye majitu. Mzee akatikisa kichwa bila kugeuka. «Hawa wanacheza kuonyesha kwamba ni wanaume,» akasema. Jayden Fielding akakosa mateke mawili. Howard akanaswa pasi mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga teke la yadi 21 likapita: 13-10.

Kilichofuata kilienda dunia nzima. Wachezaji wa Michigan walitaka kuichomeka bendera yao katikati ya uwanja, Sawyer akaruka akaing'oa, ugomvi ukazuka, polisi wakamwaga pilipili hewani, na kila chuo kikapigwa faini ya dola laki moja. Watoto wangu walicheka. Mimi niliona uso wa Sawyer kwenye picha, kijana wa Pickerington aliyekataa fedha za NFL ili apate suruali moja ya dhahabu, na mara ya nne ndiyo ilikuwa imepita. Hakuwa na ya tano.

Day alikuwa amekalia kuti kavu tayari. Sasa kuti lenyewe likaanza kulia. Na kalenda haikumhurumia. Siku nne baadaye, Desemba 4, ilikuwa siku ya kusaini kwa darasa la 2025. Fikiria kusimama mbele ya wazazi wa vijana wakati nusu ya mji inataka ufukuzwe. Na'eem Offord, beki kutoka jimbo la Alabama aliyekuwa ameahidi kuja, akageukia Oregon siku ileile. Lakini Tavien St. Clair, kwotabeki wa Bellefontaine, mji mdogo wa hapahapa Ohio, akasaini. Beki Devin Sanchez wa Houston akasaini. Mkimbiaji wa Cleveland anayeitwa Bo Jackson akasaini. Kichapo hakikulibomoa darasa, na nadhani watu wengi hawakuona uzito wa jambo hilo kwa sababu walikuwa bado wanagombana.

Kilichowaokoa ni mabadiliko ya mchujo. Mpaka mwaka uliotangulia zilikuwa zinaingia timu nne tu, na Ohio State yenye vipigo viwili ingebaki nyumbani inanuna. Mwaka 2024 zikaingia 12 kwa mara ya kwanza. Wakapangwa wa nane.

Desemba 21 Tennessee wakaja Columbus, usiku wa baridi chini ya nyuzi sifuri, na mashabiki wao wa rangi ya chungwa walinunua tiketi nyingi mno kutoka kwa wenyeji waliokata tamaa. Ikawa 21-0 katika robo ya kwanza, ikaisha 42-17. Januari 1 wakakutana na Oregon katika robo fainali, Rose Bowl, timu ya kwanza nchini, haijafungwa mechi 13. Kabla ya mapumziko ilikuwa 34-0. Smith peke yake alipata yadi 187 na tachidauni mbili. Mabeki wa Oregon walikuwa wakimfuata kama watu waliochelewa basi. 41-21. Ghafla waliotaka Day afukuzwe wote walipotea mjini, sijui walihamia wapi.

Halafu Texas, Januari 10, 2025, nusu fainali. Kwotabeki wa Texas: Quinn Ewers.

Texas walimfunga Smith kamba. Mechi nzima alidaka mpira mmoja wa yadi tatu. Ikabidi wakongwe wafanye kazi. Texas waliposawazisha 7-7 zikiwa zimebaki sekunde 29 za kipindi cha kwanza, kila mtu aliona twende mapumziko. Henderson akapewa pasi fupi, ya kuvuta tu muda, akapita katikati ya watu waliodhani anatembea, akaenda yadi 75. Ikawa 14-7. Baadaye 14-14, kisha 21-14. Dakika za mwisho Texas wakafika yadi moja kutoka mlangoni, majaribio manne mkononi.

La kwanza wakagonga ukuta wa katikati. La pili wakaamua kuurusha mpira pembeni kwa mkimbiaji, azunguke nje, na ukuta ukahama naye. Akaangushwa yadi saba nyuma. La tatu pasi ikaenda bure. La nne, yadi nane. Ewers akarudi nyuma kutafuta mtu. Sawyer akaja kutoka pembeni, akamzunguka aliyekuwa akimzuia, akaupiga mkono wa mtu aliyewahi kulala naye chumba kimoja. Mpira ukachomoka ukaenda juu, na ulipokuwa unashuka ukamkuta Sawyer mwenyewe. Mbele yake hapakuwa na mtu. Yeye si mkimbiaji, ana mwili wa kuangusha milango, na yadi 83 ni safari ndefu kwa mwili ule. Alikimbia zote huku wenzake wakimsindikiza. 28-14, zimebaki dakika mbili na sekunde 13.

Shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mombasa asubuhi yao, maana kipande hicho kilikuwa kimemfikia hadi kule. «Shemeji, huyu mnene ni nani?» Ilinichukua karibu saa nzima kumweleza, na nilianzia 2021.

Fainali ilikuwa Januari 20, Atlanta, katika uwanja uleule ambao miaka miwili kabla teke lao lilikwenda pembeni usiku wa mwaka mpya. Wapinzani walikuwa Notre Dame, na kocha wao Marcus Freeman alicheza Ohio State enzi zake. Notre Dame walianza kwa kuushika mpira karibu dakika kumi nzima, majaribio 18, mpaka tachidauni. Baada ya hapo Ohio State wakafunga 31 mfululizo. Howard alizipatia pasi zake zote 13 za mwanzo. Judkins akafunga tatu. Kisha Notre Dame wakafufuka, 31-23, na zile dakika nne za mwisho mji huu ulikuwa umeacha kupumua, kwa sababu unajijua.

Jaribio la tatu, yadi 11 za kwenda. Ukiwa na akili za kawaida unakimbia na mpira, unakula saa, unaomba Mungu. Day na Kelly wakaamua kurusha. Notre Dame walituma watu kumkimbilia Howard, wakamwacha Smith na beki mmoja tu. Smith akamdanganya hatua moja kuelekea ndani, akatoka nje, akaenda. Mpira ulikaa hewani muda wa kutosha kwa mwanangu kusimama juu ya kochi. Yadi 56. Aliyekuja kumalizia kwa teke alikuwa Fielding, yuleyule wa mateke mawili ya Michigan. Likapita. 34-23.

Kwa hesabu, Smith alimaliza mwaka wake wa kwanza na yadi 1,315 na tachidauni 15, na Egbuka akaondoka akiwa amedaka mipira mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya chuo hicho. Mwezi Aprili NFL iliwachukua wachezaji 14 wa kikosi kile kwa mkupuo. Egbuka, Jackson, Williams na Simmons walikwenda raundi ya kwanza. Jackson yule aliyehamishwa namba katikati ya msimu, wakamchukua Minnesota, na naamini ile mechi ya Penn State ilimsaidia kuliko msimu mzima ambao angekaa alikozoea. Sawyer na Howard wote waliangukia Pittsburgh.

Ubaya wa hadithi hii, au utamu wake, ni kwamba vijana wale waliondoka mabingwa wa nchi bila kuwahi kuwa mabingwa wa ligi yao ya Big Ten, na bila kuwahi kuifunga Michigan hata mara moja. Miaka minne, mara nne, kapa. Mzee wangu wa kazini anakiri kombe ni kombe, halafu anasita, halafu anaanza sentensi na «lakini». Nikamuuliza kama angebadilisha. Akasema swali hilo haliulizwi mbele ya watu.

Novemba 29, 2025, Ohio State walikwenda Ann Arbor wakashinda 27-9. Kwotabeki alikuwa Sayin, yule aliyekuja kutoka Alabama na mizigo iliyofungwa. Downs alikuwepo, Smith alikuwepo. Aliyekuwa akibeba mpira ni Bo Jackson wa Cleveland, aliyesaini siku nne baada ya kile kichapo cha 13-10, na suruali yake ya dhahabu ameipata akiwa mwaka wa kwanza.